Kwenye daftari la sayansi raba hairuhusiwi

Karafuu zinakauka upesi zaidi juu ya jamvi au juu ya sakafu ya saruji? Muulize mtu mzima yeyote hapa Pemba atakujibu pale pale, alafu kamuulize jirani yake, nae atakujibu pale pale ila jawabu lake litakuwa jengine. Ndo suali nnalopenda kuanzia na watoto wa darasa la nne, maana kila mmoja kaja na jawabu lake kutoka nyumbani na ana uhakika nalo, babu kasema, mama kasema, sisi kwetu tunaanika hivi miaka yote. Mie nawawacha waseme mpaka wachoke, kisha nauliza kitu kimoja tu: umejuaje?

Hapo darasa zima kimya.

Nasomesha sayansi skuli ya msingi huku kaskazini ya Pemba, na kila tukikutana walimu kwenye mafunzo kilio ni kile kile, hatuna maabara, hatuna vifaa, watoto sitini na kitu chumba kimoja. Ni kweli kabisa na mimi silipingi hilo, lakini kumfundisha mtoto kuuliza, kutabiri, kujaribu, kuandika alichokiona na kueleza kwanini kimekuwa hivo, kwa umri huu hakutaki maabara, kunataka karafuu na jua, na vyote viwili Mungu katupa.

Basi msimu uliopita mzazi mmoja akatupa karafuu mbichi zilizokwisha chambuliwa, makonyo yametolewa, nikagawa kibaba kwa kila kundi. Kundi la jamvi, kundi la saruji, kundi la bati, na kundi moja likachagua wenyewe kuanika juu ya mchanga mtupu, nyumbani wangegombezwa lakini hapa nikawaambia anikeni tuone. Kabla ya kuanika kila mtoto aandike ipi itakauka mwanzo na kwanini anafikiri hivo, na aandike kwa peni, si kwa penseli.

Hatujafika hata uwanjani ugomvi ukaanza. Mtoto mmoja wa kike akasema mwalimu hii si haki, kibaba chao cha tele, kimerundikwa mpaka juu, na chetu sisi cha mfuto, kimesawazishwa mdomoni. Mwengine akasema bati liko juani kutwa na jamvi likifika alasiri linapata kivuli cha mwarobaini. Mwengine tena, huyu hata hazungumzagi darasani, akasema wale wamezitandaza nyembamba na wale wamezirundika. Nikakaa kimya nikawawacha wagombane, na wakaja wenyewe na sheria, vibaba vyote viwe vya mfuto, vyote viwe juani sehemu moja, vyote vitandazwe karafuu moja moja zisipandane, kitu kinachobadilika kiwe kile cha chini tu. Mimi nilikuwa nimeshaandaa ubao mzima wa maelezo kuhusu kubadili kitu kimoja kwa wakati, sikuuandika, maana walishafika.

Alafu likaja suali gumu zaidi, tutajuaje kama imekauka? Wazee wanaijua kwa mkono, anaichukua karafuu anaivunja, ikilia ta! basi kavu. Watoto wakasema ndio, lakini mkono wa nani? Maana huyu akivunja anasema kavu na yule anasema bado. Nikapenda sana pale, kwa sababu hapo mtoto keshaelewa kwanini watu walibuni vipimo. Tukatengeneza mizani, mti mnyofu umefungwa kamba katikati, vifuu viwili vya nazi huku na huku, na mawe ya mizani yakawa vifuniko vya chupa za soda maana vyote vinalingana. Kila kundi likahesabu karafuu 100, likazitia kwenye kipande cha chandarua kibovu ili kila siku tupime zile zile, na kuzipima zina vifuniko vingapi. Wakachora grafu kwenye karatasi za kalenda ya zamani.

Mkulima yeyote anajua karafuu mbichi kilo 3 zinatoa kavu kama kilo 1. Watoto wameikuta thuluthi ile ile kwa vifuniko vya soda, wenyewe, hakuna aliewaambia. Sasa nikawauliza hizo thuluthi mbili zimekwenda wapi? Mmoja akasema limekula jua. Mmoja akasema maji. Mmoja akasema harufu, si unaisikia mpaka barabarani. Tukachukua jagi la kioo tukatia karafuu mbichi tukalifunika na sahani tukaliweka juani, haikuchukua muda mrefu ndani ya kioo yakaanza matone. Wa maji wakashangilia, lakini kijana mmoja akauliza labda jagi lenyewe lilikuwa na unyevu toka mwanzo, tumejuaje kama halikuwa nao? Wallahi nilitaka kumkumbatia. Tukaweka jagi jengine tupu limefunikwa vile vile karibu yake, likabaki kavu. Yule wa harufu pia sikumwambia kakosa, kwa sababu hakukosa, karafuu ina mafuta, kavu nzuri ina kama asilimia 15 mpaka 20, na harufu ni mafuta hayo hayo yanayopaa, sehemu kubwa iliyoondoka ni maji lakini na yeye ana chake.

Na mshindi je? Mchanga ulishindwa wazi, saruji na bati zilitangulia siku za mwanzo, lakini mwisho wa yote jamvi na saruji vikakaribiana mno kiasi kwamba kwa mizani yetu ile ya vifuu huwezi kusema huyu kashinda. Watoto hawakupenda kabisa, walitaka mshindi. Nikawaambia andikeni mlichokiona. Hapo nikamuona mtoto mmoja aliyetabiri kuwa jamvi litashindwa vibaya anasugua daftari kwa mate na kidole, anataka kufuta utabiri wake.

Hapa ndo nataka kusema sana, maana nadhani ndo kiini cha shughuli yote. Mtoto yule si muongo. Toka darasa la kwanza amefundishwa kwamba kukosea ni mkasi mwekundu kwenye daftari na pengine bakora, kwahiyo akiona ukweli haukulingana na alichoandika, kitu cha mwanzo anachofikiria ni kukificha alichoandika. Na mtoto anaeficha hivo hawezi kujifunza kuchunguza, haiwezekani, kwa sababu uchunguzi wote unakaa kwenye ile nafasi kati ya ulichotegemea na ulichokiona. Ukifuta kimoja hakuna tena cha kufikiria. Ndo maana daftari langu la sayansi halina raba, na mimi kwa upande wangu siweki kosa humo, utabiri haupewi maksi kwa kuwa sahihi, unapewa maksi kwa kuwa na sababu, na baada ya jaribio mtoto anaandika chini yake sasa nafikiri nini na kipi kimenibadilisha. Makosa na maksi za kawaida zina daftari lake jengine.

Huwa nawasimulia habari ya Erasto Mpemba, na watoto wa hapa wakisikia jina tu wanauliza huyu wa Wete au wa Chake, nawaambia hapana, ni wa bara. Mwaka 1963 alikuwa mwanafunzi skuli ya sekondari ya Magamba, Lushoto, walikuwa wakitengeneza aiskrimu, yeye akatia maziwa yake kwenye friza yakiwa bado ya moto na yakaganda kabla ya ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Alipouliza akaambiwa amechanganyikiwa, akachekwa. Hakukifuta alichokiona. Alipofika sekondari ya Mkwawa, Iringa, akamuuliza Denis Osborne, mwalimu wa fizikia aliyekuja kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, wenzake wakacheka tena, lakini Osborne akaenda kujaribu, na mwaka 1969 wakachapisha wote wawili. Wanasayansi mpaka leo wanabishana kama jambo hilo hutokea kweli na kwa hali gani, na hilo pia nawaambia watoto, wasidhani kwamba kubishana kumekwisha.

Jaribio jengine ambalo naona lina faida kubwa kwetu sisi wa visiwani ni la maji ya bahari na mwezi. Watoto hawa tarehe za Kiislamu wanazijua kutoka chuoni, yaani madrasa, na mama zao wengi wanalima mwani, kwahiyo bamvu, maji yanapojaa na kutoka sana, na maji mafu, yanapojaa na kutoka kidogo, si maneno mageni. Tunachomeka mti wenye alama pwani, tunaandika maji yamefika alama gani na saa ngapi, na pembeni tunachora umbo la mwezi. Wakianza, wengi wanasema maji yanajaa kwa upepo, basi wanaandika na upepo pia, wa nguvu au shwari, na baada ya wiki kadhaa wanaona wenyewe upepo hauendi sambamba na maji, mwezi unakwenda. Wanaona kila siku maji yanachelewa kama dakika 50. Wanaona bamvu linakuja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, na mwezi ukiwa nusu ni maji mafu. Kisha ndo tamu yenyewe, natoa kalenda, nawaambia tabirini bamvu lijalo.

Wote wakaandika tarehe 15, siku ya mwezi mpevu. Ikaja 15 maji yakajaa sana, lakini 16 yakajaa zaidi, na 17 bado makubwa. Wakaniangalia mimi kama kwamba nimewadanganya! Nikawaambia kawaulizeni wavuvi. Wazee wakawaambia ndio, bamvu huchelewa siku moja mbili baada ya mwezi kujaa, hilo linajulikana. Sasa tofauti ni kwamba watoto hawakulipokea kwa sababu mzee kasema tu, wana namba zao mkononi na mzee kasema kile kile walichokiona. Mimi sitaki watoto waache kuwasikiliza wazee, nataka waende kwao wakiwa na kitu cha kuuliza.

Na viluwiluwi vya mbu nitasema kidogo tu. Chupa ya maji yaliyotuama, imefunikwa chandarua vizuri mbu wasitoke, watoto wanachora kila siku mpaka viluwiluwi vinageuka mbu. Wanagundua kuwa vyengine vinaning'inia kichwa chini na vyengine vinalala sambamba na uso wa maji, na hivo vya kulala ndo vya Anofelesi anaeleta malaria. Mwisho wake maji yanamwagwa kwenye mchanga mkavu, msisahau.

Jambo moja linaniumiza. Sera ya elimu ya Zanzibar ya 2006 ilileta Kiingereza kwenye sayansi na hisabati kuanzia darasa la tano, na mimi nimeona watoto walewale waliokuwa wakigombania kibaba cha tele na cha mfuto, wakipanda darasa wananyamaza, si kwamba hawana hoja, hoja wanazo, ila hawana pa kuipitishia. Ninachofanya mimi ni kuwawacha wabishane kwa Kiswahili mpaka wamalize, utabiri wauandike kwa Kiswahili, alafu ndo tunatafuta namna ya kuyasema kwa Kiingereza cha mtihani. Inakula muda. Lakini mtoto hawezi kubisha kwa lugha anayoiogopa, na bila kubisha hakuna uchunguzi hapo, kuna kukariri tu.

Sasa darasa langu lina suali jipya, la yule kijana wa jagi tupu, anauliza hivi bamvu letu huku Pemba na bamvu la Unguja mashariki yanafika kwa wakati mmoja au yanapishana? Jawabu sikumpa. Kwahiyo natafuta mwalimu wa Makunduchi, Jambiani, Matemwe, popote pale pwani, tufanye pamoja mwezi ujao. Mnahitaji mti mnyofu umepigwa alama kila sentimita 10, saa, na watu wazima wawili wa kusimama na watoto maana maji yakirudi kwenye ufuo wa tambarare yanakuja mbio. Tutaanza siku mwezi unapoandama, tunapima mara moja kwa siku maji yakijaa, na matabirio ya kila skuli tutumiane kwa simu kabla ya kipimo cha kwanza.