Kava la chungwa kwenye skrini yangu

Kila mgeni akija ofisini lazima aulize hiyo nailoni ya chungwa kwenye kompyuta ni ya nini, mwingine alidhani nimeficha ufa wa skrini. Ni kava la steshenari jamani, yale ya plastiki ya kuona upande wa pili wanayoweka juu ya ripoti wakibaindi, nimelikata nikabandika na selotepu basi. Mimi nina kipandauso, na kikianza kunyemelea kitu cha kwanza kunikera ni mwanga, ile eksel nyeupe pee halafu juu kuna taa za tyubu, natamani nijifunike kanga.

Sasa rangi ina kazi yake, chungwa linazuia bluu. Nyuma ya jicho kuna seli ambazo kazi yake kubwa ni kupima mwanga tu, sio kutengeneza picha, na zinashtuka zaidi na bluu inayoelekea kijani, kwenye nanomita 480 hivi (ndo kipimo cha wimbi la mwanga), na inaonekana zinagusana na njia za maumivu ya kichwa. Kuna miwani ya rangi ya waridi inayopunguza bluu hiyo, inaitwa FL-41, Waingereza kule Birmingham waliijaribu kwa watoto wenye kipandauso, wakatoa majibu 1991, walioivaa wakashuka kutoka kuumwa mara sita hivi kwa mwezi hadi chini ya mbili. Watoto walikuwa wachache lakini, tusishangilie sana.

Ila msichanganye hiyo waridi na plastiki yoyote ya pinki. Pinki ya kawaida inaweza kupitisha bluu vizuri tu. Kipimo changu ni rahisi, fungua picha ya bluu iliyokolea kwenye skrini weka kava juu yake, bluu ikigeuka karibu nyeusi ujue linazuia, ikibaki bluu umenunua urembo.

Na hizi miwani za anti-blu, za kuzuia mwanga wa bluu, wanazotuuzia eti bila hizo simu itatupofusha, hapana bana. Cochrane, wale wanaokusanya na kupima tafiti za afya, 2023 walipitia majaribio 17 wakaona kwa uchovu wa macho wa kompyuta huenda hazina tofauti na lenzi za kawaida. Jua la saa saba mchana lina bluu nyingi kuliko simu yako kwa mbali sana. Macho yanachoka kwasababu tukikodolea skrini hatupepesi, yanakauka. Hata yale makava ya rangi ya kuweka juu ya ukurasa unaposoma, ambayo Helen Irlen wa California aliyatangaza tangu miaka ya 1980, kwamba yanatibu shida ya kusoma, madaktari wa watoto Marekani 2009 walisema ushahidi hautoshi, kwahiyo mzazi usiuziwe kwa bei ya ajabu.

Kingine, miwani nyeusi ndani ya nyumba achaneni nayo, jicho linazoea giza halafu ukitoka nje ndo unaumia mara mbili. Na kama mwanga umeanza kukuumiza ghafla, jicho jekundu linauma au shingo imekaza na homa juu, hapo hakuna mambo ya kava, kimbia hospitali.

Wenye iPhone hata steshenari msiende, ingia setingi sehemu ya aksesibiliti utafute filta za rangi, chagua ile ya kupaka skrini nzima uivute kwenye chungwa, af weka njia ya mkato, ukibonyeza kitufe cha pembeni mara tatu inawaka, mara tatu tena inazima.