Maneno 40 ya Kiswahili, na kadi zako za Kijerumani

Mwaka 2008 Jeffrey Karpicke na Henry Roediger walichapisha kwenye jarida la Science jaribio ambalo msemaji wa Kiswahili hawezi kushirikishwa. Wanafunzi wa chuo kikuu Marekani walipewa maneno 40 ya Kiswahili, mashua likiwamo, wayashike pamoja na maana zake kwa Kiingereza. Wanasaikolojia wanakipenda Kiswahili kwa kazi hii: kinaandikwa kwa herufi za kawaida na mwanafunzi wao hakijui hata kidogo, kwa hiyo wote wanaanza sifuri.

Utaratibu wenyewe ndio wa kuangalia vizuri. Kila kundi lilipitia orodha, likajaribiwa, likarudia. Neno likishapatikana mara moja, kundi la kwanza liliendelea kulisoma na kujaribiwa. La pili liliacha kulisoma ila liliendelea kujaribiwa. La tatu liliendelea kulisoma lakini halikujaribiwa tena. La nne liliacha vyote. Mwisho wa kipindi makundi yote manne yalikuwa sawa, maneno yote yameshikwa. Wiki moja baadaye, waliokuwa wakijaribiwa walikumbuka takribani asilimia 80. Waliosoma tu bila kujaribiwa walipata 36, na walioacha vyote 33. Yaani kule kusoma tena na tena hakukuongeza karibu chochote. Walipoulizwa mapema watakumbuka kiasi gani, makundi yote yalikisia karibu nusu. Hawakuhisi tofauti.

Hapo ndipo watu wazima wengi wanaojifunza lugha wanapokwama. Daftari lina safu mbili, Kijerumani kushoto na Kiswahili kulia, na kila jioni linapitiwa kwa macho. Neno linaonekana la kawaida, unalifahamu sura. Lakini kulitambua neno lililo mbele yako na kulitoa kichwani wakati hakuna kitu mbele yako ni kazi mbili tofauti, na mtihani wa kuongea unadai hiyo ya pili. Funika safu ya Kijerumani, soma Kiswahili, sema kwa sauti kabla ya kufunua. Ukikosa, vizuri, ila angalia jibu papo hapo. Kosa lisilosahihishwa nalo linajikita.

Nachukua Kijerumani kwa sababu wauguzi na mafundi wengi wa Afrika Mashariki wanakisomea sasa, tena wakiwa watu wazima wenye kazi na watoto. Mfano wa mezani: kijiko ni der Löffel, uma ni die Gabel, kisu ni das Messer. Vitu vitatu vya sahani moja, jinsia tatu za kisarufi. Kuandika «Löffel = kijiko» kwenye kadi ni kupoteza manila. Hata kuandika der peke yake hakutoshi, maana der kinashikika kama kipachiko tu kisicho na kazi. Andika «ein kleiner Löffel», «eine kleine Gabel», «ein kleines Messer». Sisi wenyewe hatukuzijua ngeli kwa kukariri jedwali. Tulizisikia ndani ya upatanisho, kijiko kidogo kimeanguka, uma mdogo umeanguka, na ubongo ukajipangia. Kadi yenye kivumishi inaupa ubongo huo upatanisho. Halafu zipo njia za mkato za kweli: nomino zinazoishia na -ung, -heit, -keit na -schaft ni za die, na za -chen ya kudogosha ni za das. Hizo zijue mapema, zinaokoa kadi nyingi.

Jambo moja ambalo vitabu vya kozi hulikosea: kufundisha rangi zote siku moja, siku za wiki zote siku moja, matunda yote ukurasa mmoja. Maneno ya kundi moja yakiingia pamoja yanagombana. Ndiyo maana watu wanachanganya Dienstag (Jumanne) na Donnerstag (Alhamisi) hadi mwaka wa pili. Mwalimu akikupa orodha hiyo, itawanye: leo Dienstag pamoja na maneno ya jikoni, Donnerstag isubiri wiki ijayo.

Sasa ratiba. Neno jipya lirudiwe kesho yake, kisha siku ya 3, ya 7, ya 16, ya 35 hivi. Programu ya Anki hukupangia yenyewe. Asiye na simu nzuri atumie maboksi matano: la kwanza kila siku, la pili kila siku ya tatu, la tatu kila wiki, la nne kila wiki mbili, la tano kila mwezi. Ukipata, kadi inasogea mbele. Ukikosa, inarudi boksi la kwanza, bila huruma.

Kinachovunja mpango huu ni tamaa. Piga hesabu. Ukiingiza maneno 12 mapya kwa siku, na kila moja likahitaji kurudiwa kama mara 7 katika miezi ya mwanzo, utafika mahali una kadi 80 hadi 100 za kila siku. Hizo ni dakika 15 au 20, zinabebeka hata kwenye daladala. Ukiingiza 30, wiki mbili za kwanza utajiona shujaa, kisha mlima wa kadi 200 na zaidi unakusubiri kila asubuhi, siku moja unaruka, ya pili unaogopa hata kufungua. Ikishatokea, simamisha maneno mapya kabisa mpaka mlima uishe. Usifute. Na kadi uliyoikosa mara 8 si ya kupigana nayo: tatizo liko kwenye kadi. Ibadilishe, itungie sentensi, au iweke kando mwezi mzima.

Usingizi una kazi yake hapa, wala si porojo. Stéphanie Mazza na wenzake huko Ufaransa walitoa utafiti mwaka 2016, nao pia wakatumia Kiswahili: maneno 16 kwa watu wazima Wafaransa. Kundi moja lilijifunza asubuhi na kurudia jioni. Jingine lilijifunza jioni, likalala, likarudia asubuhi. Saa 12 katikati kwa wote. Waliolala walihitaji takribani nusu ya marudio kuyashika maneno tena, na miezi sita baadaye bado walikuwa mbele. Mchana ubongo huweka maneno mapya kwa muda kwa kutegemea hipokampasi, sehemu ya ndani ya ubongo inayoshughulikia kumbukumbu mpya, na usingizini huanza kuyafunga na yale yaliyokwishakaa kwenye gamba la ubongo. Kwa hiyo maneno mapya jioni, marudio asubuhi. Kukesha usiku wa kuamkia mtihani kunakunyima kile hasa ulichokuwa unakitafuta.

Sikio ni habari nyingine, nayo ni ngumu zaidi. Irabu zetu ni tano, kwa hiyo Kuchen, keki, na Küche, jiko, zinatufikia kama neno moja lililotamkwa vibaya. Kusikiliza redio masaa mengi hakutibu hili, kwa sababu ubongo wa mtu mzima huisukuma ü kwenye u au i bila kukuuliza. Kinachosaidia ni zoezi kavu: sauti mbili zinazokaribiana, wasemaji wengi tofauti, wa kike na wa kiume, unachagua moja, unaambiwa hapo hapo kama umepata. Dakika 10 kwa siku kwa wiki chache. Msemaji mmoja hatoshi. Utamjua yeye, si sauti.

Sarufi nayo haikai kwenye kadi. Kila mwanafunzi wa A2, ngazi ya pili ya kozi, anajua kwamba baada ya weil (kwa sababu) kitenzi huenda mwisho, na akifungua mdomo anasema «weil ich bin krank» badala ya «weil ich krank bin». Kanuni anayo, mazoea hana, na ubongo unavitunza hivyo viwili kwa mifumo tofauti. Chukua habari moja, isimulie kwa dakika 4, kisha habari ileile kwa 3, kisha kwa 2, ikiwezekana kwa msikilizaji mpya kila mara. Maudhui hayabadiliki, kwa hiyo akili inapata nafasi ya kuharakisha umbo.

Kuhusu kutosahau kozi ikiisha, Harry Bahrick alipima mwaka 1984 watu zaidi ya 700 waliosoma Kihispania shuleni, wengine miaka 50 nyuma. Kilichopotea kilipotea zaidi katika miaka michache ya mwanzo, halafu kilichobaki kikatulia kwa miongo, hata bila mazoezi, na waliosoma kwa kina zaidi ndio waliobakiwa na kingi. Baadaye, yeye na jamaa zake watatu wakajipima kwa miaka: marudio 13 yaliyoachana siku 56 yalishikisha maneno sawasawa na marudio 26 yaliyoachana siku 14. Ukimaliza B1, ngazi ya tatu, na hujapata visa, basi, usiyaache maboksi yakajaa vumbi wala usijitese kila siku. Ongeza boksi la sita, la kila miezi miwili.