Tulivyopata pa kukaa na kunyoosha miguu ndani ya karavani ya futi 12

Wenye wanapenda kuzurura na trela ya kulala huku kwetu wanajua shida kubwa si barabara, ni giza. Hapa tuko karibu kabisa na ikweta, iwe Januari iwe Julai jua linaenda saa kumi na mbili unusu hivi na ikigonga saa moja ni giza totoro, na kama umepaki kando ya ziwa, Naivasha ama upande wa Dunga kule Kisumu, hutaki kuwa nje saa hizo kwa sababu viboko wanatoka majini usiku kuja kula nyasi na kiboko hana mchezo na mtu. Kwa hivyo mnaingia ndani mnafunga mlango, na kutoka hiyo saa moja mpaka usingizi uje ni kukaa tu. Sasa mnakaa wapi?

Karavani yetu ni ya zamani, zile za Uingereza za miaka ya 80, namba yake ni ya Z kama trela zingine zote za Kenya. Tuliitoa kwa shamba moja upande wa Njoro ilikokuwa imeegeshwa chini ya mti na kuku wanataga ndani, hiyo stori ya kuosha wacha niiruke. Ndani urefu ni kama futi 12, upana mita 1.9 hivi. Pale mbele kuna benchi mbili zinaangaliana, kila moja urefu futi 6 na upana sentimita 60, katikati yake nafasi ya sentimita 70, na chini ya dirisha la mbele kulikuwa na kabati ya droo. Usiku unavuta vibao vyembamba vinaziba ile nafasi ya katikati, unapanga mito juu, inakuwa kitanda.

Na hapo ndipo tatizo lilikuwa. Hizo benchi zilitengenezwa mtu alale, si akae. Mzee wangu, yaani mume wangu, ni futi 6, mimi ni futi 5 na inchi kidogo tu. Nikirudi nyuma mpaka niegemee ukuta miguu inaning'inia hewani, nikisogea mbele ili nikanyage chini mgongo unakosa pa kuegemea, na ukuta wenyewe umesimama wima kabisa, halafu kizingiti cha dirisha kinakuchoma hapa mabegani. Yeye naye magoti yalikuwa yanagonga meza. Tungeenda mahali pazuri sana, Elementaita, Kakamega msituni, halafu saa mbili usiku mtu ameshapanda kitandani si kwa usingizi ila kwa sababu kiuno kimekataa.

Shemeji yangu, mtu wa kupenda starehe, akatuambia, "Shem, si mtoe hizo mbao zote muweke rekilaina mbili, vile viti vya kulaza mgongo, mambo kwisha." Ni wazo zuri ukiwa sebuleni. Kwa trela kitu cha kwanza ni uzito na mahali uzito umekaa. Yetu ikiwa imejaa ina kama kilo 850, na inatakiwa ile pua yake, pale inashika ndoano ya gari, ibebe kama asilimia 5 hadi 7 ya huo uzito, yaani kilo 43 mpaka 60 hivi. Ukirundika vitu vizito kule nyuma kabisa pua inakuwa nyepesi, na pua ikiwa nyepesi trela inaanza kucheza mkia, yaani kuyumba huku na huku, na mimi sitaki kuona mkia ukicheza kwa mteremko wa kutoka Mau Summit kwenda Kericho lori likinipita kwa kasi. Rekilaina pia ikifunguka inakula chumba chote. Tukamshukuru shemeji tukaachana na hiyo.

Tukaanza na sponji. Ile ya zamani ilikuwa imekufa, ukikaa unagonga mbao. Hapa nitawapa siri ambayo ilituokolea pesa mingi: godoro la kawaida la 4 kwa 6 upana wake ni sentimita 122, ukilikata katikati kwa urefu unapata vipande viwili vya sentimita 61 kwa 183, yaani benchi mbili kamili bila masalio. Chukua haidensiti, yaani sponji ngumu iliyoshikana, unene inchi 4, na hiyo si kila duka huweka kwa hivyo ulizia mapema. Usinunue kwa kubonyeza na kidole, panda juu ukae, piga stori na mwenye duka kwa dakika kumi, ukiinuka uangalie kama limerudi juu haraka. Fundi wetu wa makochi hapa Nakuru alilikata na jino la msumeno wa chuma, pole pole, akaniambia, "Mama, hapa ukiwa na haraka linatoka mawimbi," na kweli likatoka limenyooka kabisa.

Lakini sponji mpya peke yake haikutusaidia sana, hilo niseme wazi kwa sababu watu wengi wanaishia hapo halafu wanashangaa mbona bado mgongo unauma. Dawa ilikuwa mito ya kuegemea. Nilimwambia fundi sitaki mto wa mstatili, nataka ule umekatwa kama kabari, chini nene juu nyembamba, ndio mgongo ulale nyuma kidogo. Wangu una sentimita 18 chini na 8 juu, kimo 45. Ukitoa hizo 18 kwa benchi ya 60 ninabaki na 42 za kukalia, ambayo kwa mtu mfupi ni sawasawa, goti linakunja mahali pake. Wa mzee una 12 chini na 2 juu, mlalo ni ule ule lakini yeye anabaki na 48 kwa sababu mapaja yake ni marefu. Yaani kila mtu na upande wake, na mgeni akikaa upande ambao si wake anajua tu. Nyuma ya kila mto kuna plaiwudi nyembamba ndani ya kitambaa, hiyo ndiyo inavuka kile kizingiti cha dirisha kikome kutuchoma, na pia baridi ya dirisha haikufikii, maana Nakuru mwezi wa saba si mchezo na Molo ndio usiseme.

Halafu tukang'oa ile kabati ya droo ya mbele. Boliti nne na skrubu kadhaa, ikatoka nzima, sai iko jikoni nyumbani imewekwa vitunguu. Pale ilipokuwa tukavuta vile vibao vya kitanda, lakini sehemu ya mbele tu, sentimita 60 hivi, tukavikaza visiwe vinarudi, juu yake tukaweka kipande cha sponji cha 70 kwa 60 ambacho fundi alitutolea kwa masalio yake. Sasa benchi zimeungana huku mbele kama herufi U. Mimi nakaa pale kona, mgongo kwa kabari yangu ukutani, miguu nainyoosha kuvuka hiyo sehemu ya katikati, tunaiita daraja, mpaka upande wa pili. Piga hesabu: 42 za benchi na 70 za daraja ni 112, miguu yangu inaingia yote na nafasi inabaki. Ukiniuliza kitu kimoja cha kufanya kwa karavani kama hii ni hicho, na hakikugharimu karibu chochote. Tena usiku kazi ya kutandika imepungua, theluthi moja ya kitanda tayari iko.

Kitu cha kuangalia ni kwamba ukitoa kabati mbele umeipunguzia pua uzito. Tulipima kwa mizani ya bafuni, ile ya kujipima kilo, unasimamisha kipande cha mbao juu ya mizani, unashusha pua ikae juu ya mbao kwa kimo kile kile cha ndoano, unasoma. Ilikuwa imeshuka chini ya 40. Tukahamisha jeki na sanduku la spana kutoka nyuma tukaziweka mbele ya ekseli, ikarudi 50. Nguo za kwenye droo zikaenda kwa mifuko ya kitambaa chini ya benchi.

Miguu ya mzee sasa. Yeye anapenda kukaa ameangalia mlango, kwa hivyo lile daraja halimsaidii. Kisumu kuna watu wanasuka viti na vikapu kwa magugu maji, yale yale yanayosumbua wavuvi ziwani, wanayakausha wanayasokota kamba. Tukachukua stuli moja ya mviringo ya hayo magugu. Ni nyepesi unaiinua na mkono mmoja, anawekea miguu, tukipata mgeni wa tatu anakalia, na asubuhi inawekwa juu yake trei ya chai. Mbao ingefanya hayo yote lakini ingekuwa mzigo, na usiku ukiigonga na kidole cha mguu utalia.

Kitambaa tulibishana. Mzee alitaka leza, ile ya aina ya ngozi, kwa sababu inapanguswa. Nikamwambia twende kwanza na kipande tukae juu yake Kisumu mwezi wa pili saa nane mchana ukiwa na kaptula, alipoinuka ngozi ya mapaja ikabaki ikivutana akanyamaza. Tukashona kanvasi ya pamba, rangi ya udongo, na zipu ndefu ya nyuma ndio ivuliwe ifuliwe. Mama mkwe alipokuja kuiona swali lake la kwanza lilikuwa vitambaa viko wapi, kwake kochi bila kitambaa kilichofumwa ni kochi uchi. Akatufumia sita. Kwa bampu ya kwanza ya Salgaa vyote vilikuwa sakafuni, kwa hivyo vinapandishwa tukishapaki tu, na zaidi akiwa anakuja.

Unyevu usisahau. Watu wawili wakipumua usiku kucha ndani ya kasanduku kama hako, nje baridi ya Mau, maji yanajikusanya chini ya sponji pale inagusa plaiwudi, na baada ya muda unaona madoa meusi. Fundi alitoboa plaiwudi ya benchi mashimo ya ukubwa wa shilingi ishirini, mengi, hewa ipite. Asubuhi kitu cha kwanza mito inasimamishwa wima na dirisha moja linafunguliwa hata kama kuna baridi.

Meza kubwa iliyokuwa inagonga magoti tuliibakisha nyumbani. Ugali nao hauliwi mapajani, kwa hivyo tuna meza ndogo ya kukunja, mchana iko nje chini ya turubai tunalofunga ubavuni, mvua ikija, na Kakamega mvua ya alasiri inakuja kama ina miadi, inaingia ndani inasimama katikati ya benchi, tukimaliza inakunjwa inaingia nyuma ya mlango. Viti vya nje chukua vile virefu kidogo, kwa sababu vile vya kukaa karibu na nyasi ukiwa umefika umri wetu kuinuka ni mpaka uitiwe watu.

Bado kuna kabari ya mzee. Kwa sababu ni nyembamba, tukiendesha kwa barabara mbovu inateleza inaangukia jiko. Nimebandika velkro ukutani lakini gundi inalegea kwa joto, sasa nataka fundi aweke vifungo vya kubonyeza vile vya turubai la pikapu, na nimemwambia aniwekee na kwa wangu kabisa maadamu amefungua sanduku lake.