Stelingi inatetemeka kuanzia 80, na balansi nimefanya mara mbili

Wiki sita nzima nimeendesha hili lori huku vidole vinakufa ganzi. Ukiwa 60 kimya kabisa, stelingi unaishika kwa kidole kimoja, ukigusa 80 inaanza kujitikisa kushoto kulia kidogo kidogo, 85 mpaka 90 hapo ndo shughuli, saiti mira huoni kitu maana kila gari la nyuma linakuwa mawili, afu cha ajabu ukikaza mguu ukafika 100 inapoa. Haiishi, inapoa. Utingo wangu akawa ananiambia bosi we kanyaga tu ipite, nikamwambia siku ukiwa na leseni utakanyaga ya kwako.

Lori lenyewe ni dogo, ekseli ya mbele ni moja nzima sio ile ya kila tairi na lake, springi za vyuma bapa, kingpini (pini nene ambayo tairi la mbele linageukia ukikata kona), breki za drumu (lile pipa la chuma linalozunguka na tairi) pande zote, tairi 7.50R16 mbele mbili nyuma pacha. Nasema hivi mapema kwasababu mwenye pikapu ya boljointi (viungo vya duara badala ya kingpini) na diski mbele baadhi ya mambo yatakuwa tofauti kidogo, ila akili ya kutafuta ni ileile.

Sasa nilichofanya mi. Fundi wa kwanza alitikisa tairi mara moja akasema tairodi, ile fimbo inayounganisha tairi mbili za mbele zigeuke pamoja, tukabadilisha endi zake zote mbili. Ikapungua kidogo, nikafurahi siku mbili. Wa pili akasema shokapu, tukaweka shokapu mpya, lori likawa linakaa vizuri kwenye mabonde lakini stelingi palepale. Afu balansi (kusawazisha uzito wa tairi), afu alaimenti (kunyoosha tairi zielekee sawa), afu balansi tena sehemu nyingine kwasababu nilihisi wa kwanza hakuwa makini. Vipuri vyote hivyo na hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza swali la maana, linatetemeka LINI.

Ngoja nieleze hii ya spidi maana ndo iliyonifungua macho. Tairi kama langu likizunguka mara moja linatembea mita 2.5 hivi. Kwa 90 unaenda mita 25 kila sekunde, kwahiyo tairi linazunguka mara 10 kwa sekunde. Kama kuna kitu kizito upande mmoja, au tairi sio duara vizuri, ekseli inapigwa ngumi 10 kila sekunde. Na ekseli ikiwa imekaa juu ya springi na tairi zenye upepo ina mdundo wake ambao inaupenda, ngumi zikiangukia kwenye huo mdundo kila moja inaongezea iliyopita, kama kusukuma bembea kwa wakati wake. Ukipita hiyo spidi ngumi zinakuja haraka kuliko bembea inavyorudi, ndo maana kwa 100 ikapoa. Ubovu haujapona, umepishana tu na mdundo. Kwahiyo mtikisiko unaokuja kwenye spidi fulani na kuondoka ukiipita, kitu cha kwanza kukishuku ni kitu kinachozunguka na tairi: tairi lenyewe, rimu, habu (kitovu ambacho rimu inafungwa), drumu.

Propela shafti, lile bomba linalozunguka kupeleka nguvu tairi za nyuma, nayo ikiwa na shida inatetemesha, ila sio hivi. Kwenye malori madogo inaweza kuzunguka mara 5 au zaidi kwa kila mzunguko mmoja wa tairi, inategemea difu (gia za ekseli ya nyuma), kwahiyo hutasikia mpigo mmoja mmoja mkononi, utasikia mngurumo mwembamba chini ya kiti na kwenye sakafu, na mara nyingi unabadilika ukikanyaga au ukiachia mafuta. Hapo angalia krosi (viungo vyake) na senta beringi (inayoishikilia katikati). Mkononi ni mbele, makalioni ni nyuma au katikati, sio sheria ya asilimia mia ila ni mwanzo mzuri.

Basi siku moja barabara ilikuwa tupu nikaamua kulisikiliza. Nikapandisha mpaka 88 inatetemeka, nikaweka nyutro nikaachia litembee lenyewe: inatetemeka vilevile, kwahiyo sio injini wala klachi. (Usizime switchi jamani, kuna magari stelingi itajifunga, na breki nazo zitakosa msaada.) Nikagusa breki kidogo: haikuongezeka. Ingeongezeka ningejua drumu zimepoteza uduara, kwa mwenye diski ni diski ambazo unene wake hauko sawa pande zote. Nikapita kwenye kiungo cha daraja makusudi kuona kama itashtuka na kuanza kucheza kama kichaa: haikushtuka. Ile ya kushtuka ni ugonjwa mwingine kabisa, gari la ekseli nzima linagonga shimo kwa 60 au 70 na stelingi inaanza kupiga kulia kushoto haiachi mpaka upunguze karibu usimame, huko unatafuta viungo vilivyolegea, kingpini, bushi, na kama una pikapu yenye koili springi basi ile fimbo inayozuia ekseli isihame pembeni. Watu wanaweka ile shokapu ya stelingi mpya na mchezo unatulia, ila ubovu bado upo umefunikwa blanketi.

Nikarudi nikaweka jeki, magogo nyuma ya tairi, stendi chini ya ekseli (jeki peke yake usiingie chini, sitarudia). Kipimo kiko hivi. Unashika tairi juu na chini unalisukuma unalivuta. Likicheza, mwambie mtu akanyage breki ukitikisa tena. Mchezo ukipotea ilikuwa beringi ya habu, kwasababu breki imefunga drumu na ile ekseli fupi inayobeba habu pamoja. Mchezo ukibaki ni kingpini, au boljointi kwa wenye boljointi. Afu unashika kulia na kushoto, hapo unatafuta tairodi na stelingi boksi, na mtu mwingine aangalie kwa macho ni kiungo gani kinatangulia kusogea. Mi upande wa kushoto juu chini ulicheza, utingo akakanyaga breki, ukabaki. Kingpini. Na yule fundi wa tairodi alilitikisa lilelile tairi lakini kulia kushoto peke yake, sa angeionaje.

Tukaweka kingpini na bushi mpya, zikachongwa vizuri, grisi ikapita. Nikaingia barabarani nikiwa naimba. 80, kimya. 85, kimya. 88, inatetemeka.

Kidogo sana, kama nusu ya mwanzo, lakini ipo. Na hapa ndo nilielewa kitu ambacho hakuna aliyekuwa amenieleza: kiungo kilicholegea mara nyingi hakianzishi mtikisiko wa namna hii, kinauachia tu ufike mkononi. Kuna anayepiga ngoma na kuna aliyeacha mlango wazi. Mi nilikuwa nafunga milango wiki sita, mpiga ngoma yuko nje anaendelea.

Kumtafuta ilichukua saa moja na haikuhitaji mashine yoyote. Tairi zangu za mbele na nyuma ni saizi moja na rimu moja, nikatoa la mbele kushoto nikalipeleka nyuma nje, la nyuma nikalileta mbele. Nikaendesha: stelingi imetulia, kiti kinatetemeka kwa mbali. Kwisha habari. Kama isingebadilika ningejua ubovu uko kwenye habu au drumu sio tairi, afu ningerudia upande wa kulia.

Nikalirudisha mbele, nikaliinua, nikachukua kipande cha waya nikakifunga kwenye stendi ncha yake ikaribie tairi bila kugusa, nikazungusha polepole kwa mkono. Ncha inakwaruza, inaachia, inakwaruza, inaachia. Kama milimita 4 hivi juu chini, na hata 3 ni nyingi. Afu nikaangalia ubavu wa tairi karibu na rimu, kuna kamstari kembamba kamechorwa kiwandani kanazunguka tairi lote, kale kanatakiwa kawe umbali uleule kutoka ukingo wa rimu kila mahali. Langu sehemu moja kamezama hakaonekani. Yani tairi halikukaa kwenye rimu siku lilipofungwa, upande mmoja limeingia ndani zaidi.

Sa mtu atauliza, si umefanya balansi mara mbili? Nimefanya. Balansi ya kawaida inasoma uzito, haisomi umbo. Yai unaweza kulibalansi vizuri kabisa na bado likizunguka barabarani litaruka. Na dalili ilikuwepo, lile tairi lilikuwa na risasi (vile vizito vya balansi) karibu gramu 300 upande mmoja huku la kulia lina 60. Fundi wa balansi akikugandikia risasi nyingi hivyo muulize kwanza, kuna nini kwenye hiyo rimu? Inaweza kuwa tope limekauka ndani, rimu imepinda, tairi lina uvimbe. Uvimbe usiuendeshe hata kilomita moja, hilo litapasuka.

Kulitoa tukaliachia upepo wote, tukatoa na ile sindano ya valvu kabisa, maana rimu yangu ni ya ringi (pete ya chuma inayolizuia tairi lisitoke) na ile ringi ikiruka na upepo ndani inaua mtu, sio utani. Tukasafisha kutu kwenye kingo, tukapaka maji ya sabuni, tukalijaza likiwa kwenye kizimba cha chuma likakaa lenyewe pande zote. Balansi mara ya tatu: gramu 80. Tukasugua na uso wa habu kwa brashi ya waya, nati tukakaza kwa kuruka upande mwingine sio kwa kuzunguka, na baada ya safari ya kwanza nikazikaza tena.

Alaimenti nayo niseme kidogo maana kila mtu akiona stelingi inatetemeka anakimbilia huko. Alaimenti mbovu inakuvutia pembeni na inakula tairi, kutetemesha kwa kawaida haitetemeshi moja kwa moja. Inatetemesha baadaye, tairi likishaliwa mawimbi mawimbi, na hapo hata ukinyoosha alaimenti tairi limeshaharibika. Yangu haikuwa na shida, walipima wakagusa kidogo ili nione wamefanya kazi.

Sa hivi 80, 90, 100, stelingi imelala. Jana nashuka mteremko mrefu nimeshika breki muda, nikasikia pedo inanipiga mguuni taratibu na usukani unajibu kidogo, nikiachia breki inaacha. Nimecheka peke yangu. Drumu ya mbele, na safari hii sinunui tairodi.