Modeli ya ini na bandama, wiki ya 4: nimegundua nilikuwa najidanganya

Haya, mradi bado upo hai. Kwa asojua, natengeneza modeli kwa mipira ya dripu, sponji na puto, nataka nione kwa macho yangu kwa nini ini likishika makovu bandama (wengine mnaiita wengu) nayo inaingia kwenye kesi.

Sponji ndo ini, puto ndo bandama. Mrija wa puto unakutana na ule wa utumbo, inaungana inakuwa mshipa mmoja mnene unaoingia kwenye ini, na huo peke yake unaleta kama 75% ya damu ya ini, inayobaki inakuja na ateri. Pale kwenye maungio pamenitesa, gundi ikaachia maji yakalowesha meza nzima, nkarudia kwa kufunga uzi kwanza af gundi juu, ikashika.

Basi nkachovya nusu ya sponji kwenye gundi ikakauka kama gamba, hiyo ndo faibrosisi yangu (yaani makovu ya ini). Nasukuma maji na bomba la sindano, taratibu tu, puto likaanza kuvimba! Presha imekosa pa kupita inarudi nyuma, ndo maana wenye sirosisi (ini lililojaa makovu likakakamaa) wengi bandama zao zinakuwa kubwa. Nikashangilia mwenyewe.

Usiku nimelala nawaza, mbona hapa bandama haina kosa lolote, imekaa tu inavimbishwa? Kumbe nayo inachokoza. Inatuma seli za kinga na protini za ishara kama TGF-beta, na damu yake haizunguki mwilini kwanza, inatua kwenye ini moja kwa moja. TGF-beta inaamsha seli za steleti (zile za ini zinazotengeneza makovu), hizo zinamwaga kolajeni, protini ya nyuzinyuzi ya kovu, kolajeni inabana njia, seli za ini zinakosa hewa ya oksijeni zinaanza kutoa VEGF, protini nyingine ya ishara, na VEGF ndo inayoita mishipa mipya iote. Sasa mishipa yenyewe inaota mlemle kwenye makovu, imepindapinda, inavuja, halafu ile midogo ya zamani iliyokuwa na vitundu kama chekeche inazibika, yaani mishipa inaongezeka huku seli zinazidi kukosa. Panya wa maabara waliotolewa bandama, makovu yao yalipungua.

Leo nimedondoshea wino wa bluu ndani ya puto, matone matatu. Upande laini wa sponji umekolea wote, upande mgumu umetambaa ukingoni tu ukagoma.

Mishipa mipya nilishona kwa uzi mwekundu, inapendeza ila haipitishi kitu, mapambo tu. Nimeifumua, naweka nyuzi za utambi zivute wino. Na swichi ya kuzima VEGF siweki ng'o, maana kwa panya imeonekana ukiizima kovu likiwa linayeyuka unachelewesha kupona.

Tambi 6 zimeingia, ya 7 imekatikia ndani, naichokonoa na pini hapa.