Bastola ya .22 kwa ajili ya kindi: kumbukumbu ya mradi wangu

Mei, wiki ya mwisho

Natafuta bastola ya .22, yaani ya risasi ndogo yenye upana wa kama inchi 0.22, ya kuwindia kindi. Leo nimechora maduara kwa kikombe cha kahawa. Ni kile kidogo kisicho na mkono nilichotoka nacho Tabora. Kitako chake kina upana wa sentimita nne, karibu sawa na kichwa cha kindi. Nimechora maduara ishirini kwenye makaratasi ya kaki, nikayakunja nikayatia kwenye gari. Kila bastola nitakayoishika kabla sijatoa pesa itapita kwenye duara hilo, risasi tano, zote ndani. Ikitoka hata moja, basi umbali huo sina haki ya kumlenga mnyama.

Hapa Missouri, Marekani, msimu wa kindi hufunguliwa Jumamosi ya nne ya Mei, hufungwa Februari 15, na mtu anaruhusiwa kuchukua 10 kwa siku. Bastola inakubalika kisheria. Mimi nimezaliwa baada ya Januari 1, 1967, kwa hiyo ilinibidi kwanza kusoma na kufaulu kozi ya usalama wa uwindaji ndipo nikate kibali cha wanyama wadogo. Hayo nilimaliza wakati wa baridi. Sasa imebaki silaha yenyewe.

Nimempigia mjomba aliyeko Sikonge kumweleza. Yeye amewinda kanga na kwale kwa gobore tangu sijazaliwa.

Akauliza, “Bastola, mjomba? Si hiyo ni ya polisi?”

Nikamweleza kwamba jirani yangu hapa, mzee mstaafu, amewinda kindi kwa bastola maisha yake yote, na kwamba ukiwa na mtutu mfupi unalazimika kunyemelea mpaka karibu kabisa. Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, “Sawa. Ila usimwache mnyama na mguu uliovunjika.” Najua anakumbuka nini. Nilikuwa na miaka tisa, na kanga mmoja alitutoroka akiburuta bawa mpaka giza likaingia. Tulimtafuta tena asubuhi hatukumwona. Hiyo ndiyo sababu ya kikombe.

Juni 8

Kabla ya bunduki limekuja sanduku la chuma la kufunga kwa namba, nimelikaza kwa skrubu ndani ya kabati la nguo. Mama Neema aliliweka kama sharti: “Baba Neema, hicho kitu hakilali humu ndani bila kufuli.” Nilikuwa nimeshaamua hivyo, lakini nilifurahi alivyolisema mbele ya watoto.

Juni 15

Mzee amenipeleka kwenye uwanja wa shabaha wa Idara ya Uhifadhi ya Missouri, na amekuja na Ruger Single-Six yake ya zamani. Bastola hizi za silinda zilianza kutengenezwa mwaka 1953, na hii yake ina skrubu tatu ubavuni. Alinionyesha hizo kwanza, kabla hajanipa hata risasi moja. Skrubu tatu maana yake ni toleo la kabla ya mwaka 1973, ambalo ndani halina kile kipande cha chuma kinachopanda ukivuta triga na kupeleka pigo la nyundo kwenye pini, ambacho kisipopanda pigo halifiki kwenye risasi. Ikianguka kitako chini nyundo ikiwa imelalia tundu lenye risasi, inaweza kufyatuka. Kwa hiyo silinda ina matundu sita, yeye hujaza matano. Aliniwekea kidole kwenye lile tundu tupu na kuniambia nilitazame mpaka nilizoee. Kiwandani wanakifunga kipande hicho bila malipo kwa wenye matoleo hayo, lakini mzee anapenda yake ibaki kama alivyoinunua.

Nimeipenda mno. Kila risasi unaivuta nyundo kwa kidole gumba, inalia kwa kituo, mkono unatulia. Kwa yadi 15 nimeweka nne ndani ya duara, moja nje. Nimerudia mara sita, na kila mara kuna inayotoka. Tatizo ni muda: nyundo ni nzito na ina safari ndefu, na katika safari hiyo mkono wangu unasogea. Mzee hasogei. Ana miaka hamsini ya kutosogea.

Tulijaribu na silinda yake ya pili, ya .22 WMR, yaani Magnum, risasi iliyoletwa na Winchester mwaka 1959. Mtutu ni uleule, unabadilisha silinda tu. Kwa uwindaji wangu nimeiondoa kwenye orodha. Katika mtutu wa inchi sita na nusu sehemu ya baruti inaishia kuungua nje, unapata moto na kishindo, na yenye kichwa cha shimo, inayopanuka ikigonga, ikimpata kindi mwilini huna nyama ya kupeleka nyumbani. Tena tundu la mtutu limefuata upana wa Magnum, na risasi ya .22 LR, ile .22 ya kawaida, ni nyembamba kidogo kuliko hiyo. Huenda ndiyo ile moja inayotoka nje, huenda ni mkono wangu. Nadhani ni mkono.

Juni 29

Leo nimeshika mbili zinazojipakia zenyewe, za magazini ya risasi kumi, zote za kukodi uwanjani.

Ruger Mark IV, yenye mtutu mrefu wa karibu inchi saba. Ni mtoto wa ile bastola aliyoanza nayo William Ruger mwaka 1949. Matoleo yaliyotangulia yalikuwa na sifa ya kumtoa mtu jasho kuyafungua na kuyarudisha baada ya kusafisha. Hii, tangu 2016, unabonyeza kitufe kimoja nyuma inakunjuka. Inapiga vizuri sana. Lakini ni nzito mbele, na nikiishika dakika moja bila kuegemea mti ncha inaanza kuchora miduara yake yenyewe.

Browning Buck Mark, mtutu mnene wa inchi tano na nusu. Kuisafisha ni kazi zaidi, kuna skrubu mbili juu na vishikizo vidogo vya kupotea kwenye nyasi. Lakini triga! Haina mchezo wa mwanzo, haiburuti, inakatika kama kijiti kikavu. Yadi 15, tano ndani. Nikasogea yadi 20, tano ndani, moja imekata mstari. Nikaweka bastola mezani nikatembea kidogo nje, kwa sababu nilijua nimemaliza kutafuta.

Julai 13

Nimenunua Buck Mark ya mtumba kwa dola 390. Fomu 4473, ile ya serikali kuu ya kununulia silaha, kitambulisho, kadi yangu ya ukaazi wa kudumu, muuzaji akahakikisha jina langu kwenye mfumo wa serikali kuu, basi. Missouri ilikuwa na kibali cha sherifu kwa wanunuzi wa bastola, kilifutwa 2007. Kwa muuzaji mwenye leseni sharti uwe umetimiza miaka 21.

Julai na Agosti

Mwezi na nusu wa risasi. Hapa ndipo nilipojifunza kuliko kwingine kote.

Risasi ya .22 haina kifuniko cha kuwashia katikati ya kitako kama risasi kubwa. Unga wa kuwashia umo ndani ya ukingo wa ganda, na pini inapiga popote kwenye huo ukingo. Unga usipoenea vizuri kiwandani, pini inaangukia mahali patupu na unasikia “tik” basi. Nilinunua sanduku kubwa la bei rahisi, na katika 100 za kwanza saba ziligoma. Zikigoma naacha mtutu umeelekea kwenye shabaha, nahesabu hadi 30, ndipo naitoa. Nikiizungusha ganda kidogo na kuipiga tena, nyingi zinaitika. Mezani ni usumbufu tu. Chini ya mti, kindi amekaa, hiyo “tik” ndiyo mwisho wa siku.

Nikajaribu risasi za kampuni ya CCI za aina mbili, zote zenye kichwa cha gramu 2.6. Za kasi, sandukuni zimeandikwa futi 1,235 kwa sekunde. Za kawaida, 1,070. Namba hizo ni za mtutu wa bunduki ndefu, kwenye bastola zinashuka. Za kasi zilitawanyika. Za kawaida zilikaa, kwa yadi 20, kwenye tundu ambalo ningeweza kulifunika kwa sarafu. Mzee hakushangaa: kila mtutu, anasema, una risasi yake, na mwenye mtutu hashirikishwi.

Macho nayo. Nina miaka 46. Nikiitazama ncha ya kulengea, duara linakuwa ukungu. Nikilitazama duara, ncha inapotea. Nimefunga darubini ndogo ya nukta nyekundu juu ya mtutu. Sasa naangalia kindi tu, nukta inakuja yenyewe. Najua wapo wanaoona huko ni kudanganya. Mimi naona ni kumtendea haki anayelengwa.

Septemba 21

Mwituni kwa mara ya kwanza, shamba la rafiki wa mzee, kwa ruhusa yake. Sikupiga risasi hata moja.

Kindi walikuwepo, sita au saba, juu ya mihikori, miti ya njugu, wakitafuna, maganda yananyesha kama mvua kwenye majani. Lakini kila niliyemwona alikuwa kwenye tawi na nyuma yake mbingu. Sanduku la risasi linaonya kwamba .22 LR ni hatari mpaka maili moja na nusu, zaidi ya kilomita mbili, na upande ule kuna nyumba za watu. Nasubiri ashike shina. Hawakushika shina.

Oktoba 12

Saa moja na robo asubuhi, umande, nimeegemea mwaloni, mikono yote miwili juu ya magoti. Kindi wa kijivu akashuka kichwa chini kwenye shina la mhikori, akasimama, akakunja mkia mgongoni. Nilikuwa nimepima hatua kabla hakujapambazuka: yadi 17. Nukta ikatulia chini ya sikio. Hakuna alichosikia.

Dakika arobaini baadaye wa pili, yadi 14. Wa tatu alikaa wazi kabisa, ametulia, shina nene nyuma yake, yadi 30. Kwa yadi 30 kikombe changu kinapata tatu kati ya tano. Niliweka kidole nje ya triga nikamtazama akila mpaka alipoondoka.

Jioni Mama Neema amewapika kwa karanga, moto mdogo saa mbili nzima, na ugali. Mzee alikuja na sahani yake. Mjomba nimemtumia picha, amejibu: “Wote kichwani?” Nimemwambia wote.

Kazi ya Novemba ni hiyo tatu kati ya tano. Makaratasi ya kaki yamebaki manne.