Vipepeo wa Noar Hill

Jana asubuhi nilipanda Noar Hill, karibu na kijiji cha Selborne, Hampshire, kusini mwa Uingereza. Ni kilima cha chaki. Karne nyingi zilizopita watu walichimba chaki hapo, na leo mashimo yao yameota nyasi fupi na maua. Upepo hauyafikii sana, kwa hiyo jua likitoka tu panapata joto. Vipepeo wa Mei wanapapenda mno.

Nilikuwa namtafuta mmoja: Duke of Burgundy. Ni mdogo, mabawa yakikunjuliwa hayazidi sana sentimita 3, kahawia mwenye madoa ya rangi ya chungwa. Saa nzima sikuona kitu. Mawingu yalikuwa mazito, na bila jua huyu hatoki. Nikachutama, nikaanza kuchungulia chini ya majani ya primula, mimea midogo yenye maua ya manjano, maana ndiko jike hutaga mayai yake.

Mara jua likachomoza! Dume akatua kwenye jani, mbele yangu kabisa. Kila mdudu aliyepita, dume huyo alimrukia na kumfukuza, kisha akarudi palepale. Nilibana pumzi. Jamani, kiumbe mdogo hivyo, na anapalinda kwake!

Nikishuka nikamwona na kipepeo mwingine, wa kijani. Akifunga mabawa ni jani tupu, asingeruka, nisingemjua.

Ndugu zangu mlioko Uingereza, nendeni kabla Mei haijaisha. Ila mpite njiani tu, primula zile msizikanyage.